Somo la Jikoni: Supu ya Matunda na Mizizi



Katika miezi ya Juni na Julai asubuhi za Mbarara ni za baridi. Mji umeinuka kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na mtu atokaye Mombasa hushangaa kuona watu wamevaa makoti hali jua limekwisha kuchomoza. Huko Nakivale, kando ya ziwa lenye jina hilo, usiku nao una ubaridi wake. Basi leo tutajifunza kupika supu ya kutia mwili joto. Haitaki nyama. Yataka matunda, mizizi, kuni chache, na akili ya kujua kipi kitangulie na kipi kifuate.

Tunda ni nini, na mzizi ni nini?

Tunda ni sehemu ya mmea itokayo katika ua, ambayo kwa kawaida huchukua mbegu. Kwa hiyo nyanya ni tunda, boga ni tunda, na ndizi ya matoke ni tunda pia, ingawa mbegu zake zimekwisha kupotea kwa kulimwa na watu miaka mingi. Karoti, muhogo na kiazi kitamu ni mizizi iliyojaa akiba ya chakula. Lakini kiazi cha mviringo si mzizi. Ni shina lililovimba chini ya ardhi, na macho yake ndiyo machipukizi. Tangawizi vile vile ni shina.

Kwa nini tujifunze supu hii?

Makazi ya Nakivale, ambayo sasa yamo katika Wilaya ya Isingiro, yalitambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya wakimbizi wa kutoka Rwanda. Baadaye wakaja watu wa Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Wahenga walisema, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Ndivyo ilivyokuwa: wageni walipewa vipande vya ardhi, wakalima. Lakini watu wameongezeka na vipande vimepungua, na tangu mwaka 2020 mgao wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja. Kuni nazo ni za kutafutwa mbali. Mahali kama hapo, chungu kilichoharibika ni watoto kulala njaa.

Mimi mwenyewe nilipata kukiharibu. Nilitia kila kitu kwa pamoja, pamoja na nyanya na maji ya limau, nikachochea moto. Kuni zikaisha, karoti zikabaki ngumu kama vijiti. Nililaumu kuni, nikalaumu karoti, kumbe kosa lilikuwa langu. Sababu yake mtaiona hapa chini.

Vitu vinavyotakiwa (watu 6)

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kilo 1
Ndizi mbichi za matoke, 4
Karoti, 3
Nyanya, 2
Kitunguu, 1
Tangawizi, kipande kama kidole gumba
Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya mezani
Limau 1, au machungwa machachu 2
Maji, lita 2. Na chumvi kiasi

Namna ya kupika

1. Paka mikono mafuta kidogo ili utomvu wa ndizi usikushike. Menya ndizi na kuzitia katika maji safi papo hapo, maana zikikaa katika hewa huwa nyeusi. Menya karoti na viazi, ukate vipande vidogo vilivyo sawa.

2. Kaanga kitunguu na tangawizi iliyopondwa mpaka vilainike. Tia maji, kisha karoti na ndizi. Funika sufuria.

3. Baada ya dakika 10 za kuchemka tia viazi vitamu, kwani hivyo huiva upesi. Funika tena mpaka kila kitu kilainike.

4. Ponda kwa mwiko humo humo sufuriani. Acha vipande vichache vya kutafuna.

5. Sasa ndipo utie nyanya na chumvi. Chemsha dakika 5.

6. Epua. Sufuria ikiwa nje ya moto, kamua limau, ukoroge na kupakua.

Ukitaka kutumia muhogo badala ya viazi, chagua ule mtamu, umenye na kuupika mpaka uive kabisa. Muhogo mchungu una sumu, wala haufai kutiwa katika supu.

Sababu zake

Maji ya pwani huchemka kwa digrii 100 za Sentigredi. Ya Mbarara huchemka kwa kama digrii 95 tu. Kwa hiyo chakula huku huchelewa kuiva. Kifuniko na vipande vidogo huokoa kuni.

Mizizi hushikamanishwa na kitu kiitwacho pektini, ambacho huyeyuka katika maji ya moto. Ukali wa limau na wa nyanya huizuia pektini kuyeyuka. Hiyo ndiyo siri ya karoti zangu! Tena vitamini C ya limau huharibiwa na moto, na kwa hiyo limau hutiwa mwisho kabisa.

Rangi ya chungwa katika viazi na karoti ni kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, na vitamini hii hulinda macho. Lakini mwili hauwezi kuipokea vizuri pasipo mafuta. Hivyo usiache vile vijiko viwili. Mganda mmoja, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wataalamu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, na kazi yake ilikuwa kuzalisha viazi vya namna hii. Aina za Kabode na Vita zilitolewa kwa wakulima wa Uganda mwaka 2007.

Mwisho, wanga wa ndizi na viazi huifanya supu kuwa nzito. Supu nzito haizunguki upesi bakulini kama maji, ndiyo maana hukaa na moto wake muda mrefu. Tangawizi nayo huamsha neva za ulimi na koo zinazotambua joto.

Jaribio na maswali

Chukua sufuria mbili zenye maji sawa na karoti sawa. Katika moja tia maji ya limau. Zichemshe kwa moto ulio sawa, na kila dakika 5 choma karoti kwa uma. Andika unayoyaona.

1. Taja matunda matatu yaliyomo katika supu hii.
2. Kwa nini nyanya hutiwa baada ya mizizi kulainika?
3. Mama mmoja amebakiwa na kuni tatu tu. Mpe mashauri mawili.