Somo la Msimu: Kumtafuta Wakili

Wanachama wenzetu, kila msimu hapakosi mtu kuanguka mkarafuuni. Mchumaji huvunjika nyonga, akapelekwa spitali, na siku ya tatu huja mtu na karatasi: tia dole gumba hapa, uchukue shilingi hizi, maneno yaishe. Mkewe hajui kilichoandikwa, naye mgonjwa hana nguvu za kuuliza. Kwa hiyo tumeonelea tusome habari ya wakili, nani wa kuendewa, na aulizwe nini kabla ya kupewa chochote.

Kwanza yafaa tujue kwamba mashauri hayaendi mahkama moja. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ni za Kadhi. Ugomvi wa shamba una Mahkama ya Ardhi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Aliyekamatwa na karafuu za magendo hupelekwa katika mahkama za jinai, na aliyeumia kazini ana sheria yake ya fidia. Basi wakili hodari wa mirathi si lazima awe hodari wa jinai. Muulizeni waziwazi: mashauri kama haya umesimamia mangapi, nayo yaliishaje? Akikasirika kwa kuulizwa hivyo, muageni kwa heshima mwende kwengine.

Lakini matata makubwa ni kuwa kisiwa chetu ni kidogo. Wakili wa Chake Chake au Wete pengine ni mkwe wa mwenye shamba, au ndiye aliyemwandikia hati zake. Udugu si aibu, ila mtu mmoja hawezi kumtetea mchumaji aliyevunjika pamoja na tajiri aliyempandisha mtini. Sisi wenye mashamba, ambao ndio wengi katika chama hiki, tusimchukue mchumaji wetu kwa wakili wetu tukadhani tumemfanyia wema. Aende kwa mwengine, hata ikiwa kufanya hivyo kutatugharimu. Naye wakili aulizwe siku ile ya kwanza kama amewahi kumfanyia kazi mtu wa upande wa pili.

Ama anayejisifu kuwa hakimu ni sahibu yake, hunywa kahawa pamoja, huyo mkimbieni. Anauza kisicho chake, na pesa za namna hiyo ni rushwa, nanyi mliotoa mtashtakiwa.

Wako pia vishoka, watu wa kalamu nzuri na mkoba mkubwa. Wakili wa kweli jina lake limo katika orodha ya mawakili wa Zanzibar, nayo ni mbali na ile ya Tanzania Bara. Kwa hiyo hata anayetoka Dar es Salaam aulizwe kama ameandikishwa huku.

Ujira uandikwe: ni kiasi gani, unalipwa lini, ada za mahkama zimo au hazimo, na ikiwa kutakuwa na rufaa, je? Kila shilingi iwe na risiti. Hati ya shamba asiachiwe yenyewe, apewe nakala. Asiyekuwa na uwezo aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, au awaone wasaidizi wa sheria. Msaada wa kisheria una sheria yake tangu mwaka 2018.

Wengine wametuuliza habari ya mafuta na gesi, kwa kuwa mwaka huo huo wa 2018 Serikali ilitiliana saini na kampuni ya RAK Gas juu ya utafutaji katika kitalu cha Pemba na Zanzibar. Jawabu letu ni fupi. Ardhi ni ya umma, lakini mikarafuu ina mwenyewe. Akija mtu kutaka saini juu ya shamba, msimpe siku hiyo. Hesabuni miti mbele ya sheha, kisha karatasi isomwe na wakili.

Mwenye kumwendea wakili kwa ajili ya aliyeanguka achukue cheti cha daktari, majina ya walioshuhudia, tarehe, na habari ya nani aliyemwajiri na kwa ujira gani. Asikawie, maana madai yana muda wake mbele ya sheria. Na ile karatasi ya dole gumba, ikiwa bado haijatiwa dole, aichukue pia.