Dondoo muhimu: Bustani ya nyumbani Mbeya na Iringa, mwezi hadi mwezi

Huku mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Kalenda ya Arusha, kwenye misimu miwili ya mvua, haitakusaidia.

Oktoba: Tengeneza matuta, changanya samadi iliyooza vizuri, mbichi huunguza miche. Chimba mashimo ya parachichi, upande mvua zikishakolea.

Desemba–Machi: Mvua nyingi, ukungu mwingi. Nyanya na viazi mviringo huumia kwanza. Geuza jani asubuhi: ukiona doa la kahawia lililolowa, na utando mweupe pembezoni mwake upande wa chini, ng'oa shina zima ulichome au ulifukie mbali. Usilitupe kwenye mboji. Kwa maoni yangu, bustani ndogo ipumzishwe nyanya kipindi hiki. Panda mnafu na figiri.

Aprili–Mei: Sia kabichi na vitunguu kitaluni. Karoti hazipendi kuhamishwa, zipande moja kwa moja.

Juni–Agosti: Msimu wenyewe wa mboga (wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, Iringa hawahitaji kuambiwa). Adui ni sakitu, hasa bondeni, ambako hewa baridi hushuka na kutuama. Jioni anga ikiwa haina mawingu na upepo umetulia, funika miche kwa nyasi kavu, uifunue jua likishachomoza. Mwagilia asubuhi.

Septemba: Jua na upepo. Tandaza majani makavu kwenye matuta, na ukague nyanya kila siku: jani lenye mabaka meupe yaliyotobolewa ndani ni dalili ya kantangaze, mdudu mharibifu wa nyanya. Lichume na kulichoma siku hiyo hiyo.