SOMO: KUITENGENEZA LAND ROVER KUUKUU IWE GARI YA KAZI YA KILA SIKU



Katika somo hili tutaeleza namna ya kuitengeneza gari ya zamani hata ifae kutumika kila siku. Mfano wetu ni Land Rover, kwa kuwa muundo wake ni mwepesi kufahamika. Gari hii ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Series II ilitoka mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III iliundwa tangu 1971 mpaka 1985.

Kwanza mtu ajiulize: naitaka gari hii kwa kazi gani? Gari ya maonyesho hutengenezwa ipendeze macho. Gari ya kazi hutengenezwa itegemewe. Wakati wa msimu karafuu mbichi hazimngoji mtu. Zikilala guniani hupata moto na kuchacha, na bei yake ikaanguka. Tena zaidi ya karafuu, ndani ya gari mna roho za watu. Basi fedha yetu ifuate mpango huu: kwanza kinachoibeba gari, pili kinachoisimamisha, tatu kinachoiendesha, na mwisho kabisa rangi. Wengi huanza na rangi, na fedha ikawaishia kabla hawajafika kwenye breki.

1. CHASISI

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa sababu baada ya vita vya 1939–1945 chuma kilikuwa adimu Uingereza. Lakini chasisi ni ya chuma, nayo ina uwazi ndani kama sanduku. Maji na udongo huingia humo, na kutu ikaila kutoka ndani. Kwa hiyo bodi nzuri isikudanganye. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge chasisi yote, khasa upande wa nyuma. Mlio mkali ni chuma kizima. Mlio mzito, au nyundo kuzama, ni chuma kilicholiwa. Palipoliwa pakatwe mpaka kwenye chuma kizima, kisha pachomelewe bamba jipya. Kufunika kutu kwa bamba ni kuificha tu.

Angalia pia pale aluminiamu inapokutana na chuma. Penye unyevu wa chumvi, kama kwetu visiwani, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Weka mpira au rangi nzito katikati ili visigusane.

2. BREKI

Magari haya yana breki za ngoma, na mengi yana njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Basi usijaribu kubahatisha: badili mipira yote ya breki na mabomba yaliyoshika kutu, na silinda zinazovuja. Mafuta ya breki hunyonya maji yaliyomo hewani. Maji hayo hutia kutu ndani ya silinda, na kwenye mteremko mrefu huchemka, pedali ikazama. Yabadilishwe kila miaka 2. Oili ya injini isitiwe humo hata kidogo, kwani huvimbisha mipira.

Jambo jingine ni la kushikwa sana: breki ya mkono haikamati magurudumu, bali hukamata shafti inayotoka kwenye gia boksi. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari yaweza kusogea ingawa breki ya mkono imevutwa. Tia magogo au mawe kwenye magurudumu kwanza.

3. INJINI NA MAJI

Kabla ya kuifungua injini ipime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa dhaifu, tia kijiko cha oili katika tundu la plagi, upime tena. Mgandamizo ukipanda, ringi zimekwisha. Usipopanda, yatazame mavalvu. Kipimo hiki chaweza kukuokoa na khasara ya kufungua kisichohitaji kufunguliwa.

Kwa injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, nafasi ya valvu ni milimita 0.25, na pointi za distribyuta zifunguke milimita 0.35 hadi 0.40. Moto hufuata mpango wa 1, 3, 4, 2.

Osha rejeta na ubadili mipira yake. Wako watu wanaoitoa themostati, yaani kile kidude kinachozuia maji yasipite rejetani mpaka injini ipate moto, wakidhani nchi ya joto haikihitaji. Sivyo. Injini isiyofikia joto lake hula petroli nyingi na huchakaa upesi. Ikiwa gari inachemsha, tafuta sababu yake.

4. UMEME

Dainamo haitoi umeme wa kutosha injini inapozunguka polepole. Kwa matumizi ya kila siku alteneta ni bora. Lakini angalia kwanza: mengi ya magari ya zamani yana betri iliyofungwa upande wa chanya kwenye bodi. Ukifunga alteneta ya kawaida bila kugeuza jambo hilo, itaungua papo hapo. Safisha pia kila mahali waya unapofungwa kwenye bodi. Taa hafifu mara nyingi ni kutu ya hapo.

5. MAJARIBIO

Gari iliyokwisha tengenezwa isipelekwe shamba la mbali siku ile ile. Iendeshe karibu na nyumbani kwa majuma kadhaa, bila mzigo, kabla ya msimu. Kila jioni tazama oili, maji na mafuta ya breki, na uandike katika daftari. Kinachopungua kidogo kidogo kinakupa khabari mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini bodi nzuri haithibitishi uzima wa chasisi?
2. Utafanya nini kabla ya kunyanyua gurudumu la nyuma kwa jeki?
3. Mgandamizo ukipanda baada ya kutia oili, kibovu ni kipi?
4. Una fedha za kutosha kazi moja tu, rangi au mabomba ya breki. Utachagua ipi, na kwa nini?