Kitabu Nacho Kina Mwenyewe



Hapa kwetu Migori na Homa Bay, kayongo bado inatumalizia mahindi. Kwa hiyo kikundi kikipata kijitabu kizuri kuhusu gugu hilo, mara utasikia, "Tukitoe fotokopi tugawane!" Mwingine anaongeza, "Tuuze shilingi hamsini, mfuko wa kikundi upate kitu." Nia ni njema. Je, ni halali?

Tufikirie shamba. Ukiona jinsi jirani alivyopanda, unaweza kwenda kupanda vivyo hivyo kwako. Lakini ukivuna mahindi yake, hata ukiwapa wenye njaa, umechukua kisicho chako.

Kitabu ni hivyo hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailindi wazo; inalinda maneno na picha za aliyeandika na kuchora, hata kama hakusajili kazi yake. Ulinzi huo hudumu maisha yake yote, na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Mwandishi wetu Grace Ogot alifariki mwaka 2015. Vitabu vyake vinalindwa mpaka mwisho wa mwaka 2065.

Chukua mfano wa kituo cha ICIPE kule Mbita. Kimewafundisha wakulima kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, izuie kayongo na kufukuza bungua, na nepia kandokando ya shamba iwavute bungua nje. Njia hiyo itumieni, mwafundishe na wengine kwa maneno yenu, kwa Kijaluo au Kikuria. Lakini kurasa na michoro ya kijitabu ni mali ya waliokitoa.

Basi tufanye nini?

1. Someni pamoja, kila mtu aandike ya kwake daftarini. Hilo halina shida.

2. Tazameni kurasa za mwanzo. Vijitabu vingine vya maendeleo vinaruhusu kunakiliwa mradi visiuzwe. Fuateni masharti.

3. Kama hakuna ruhusa hapo, andikeni barua kwa mwenye kazi au mchapishaji. Semeni ni kurasa zipi, nakala ngapi, na kama mtauza au mtagawa bure. Katibu atunze jibu. Kimya si ruhusa.

4. Tajeni jina la mwandishi kila mara. Lakini kutaja jina peke yake hakuruhusu kunakili kitabu kizima.

Sisi wenyewe tuliwahi kuteleza. Tulichapa mchoro wa ng'ombe bila kuuliza. Mchoraji akaja, kijana wa hapa hapa, akasema kwa upole, "Hii ndiyo kazi inayonilisha." Tulikosa la kujibu. Tukamwomba msamaha, tukamlipa.

Maswali ya kujadili

Kikundi chenu kina fotokopi gani? Nani aliruhusu? Na kama kikundi kingine kingeuza nyimbo mlizotunga ninyi, mngesemaje?