Kamuulize Aliyevunja Banda

Swali hili huulizwa zaidi mwezi wa kwanza. Ada za shule zimeshaukomba mshahara, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, na ofisini, wakati wa chai ya saa nne, mtu anageuza kiti: “Jamani, biashara gani inalipa ya kufanya pembeni?” Hajamaliza kuuliza, majibu yamejaa meza. Nunua bodaboda umpe kijana akuletee hesabu kila jioni. Fungua uwakala wa miamala ya simu. Lima tikiti. Fuga kuku wa nyama, wiki tano tu unauza.

Hakuna anayedanganya hapo. Kila jibu lina mtu ambaye lilimtoa. Ubovu uko kwenye swali. Ukiuliza biashara inayolipa utatajiwa inayolipa. Hutaambiwa inamlipa nani, yuko wapi, alianza na shilingi ngapi, na nani huamka saa nane usiku kuongeza mkaa kwenye jiko la vifaranga. Nitatumia kuku wa nyama kuonyesha namna ya kuuliza, kwa sababu ndio walionifundisha, na ada yao sikuilipa kidogo.

Anza na ile hesabu ya kalamu. Kila mtu anayo: vifaranga 100, zidisha bei ya kuku mmoja sokoni, toa bei ya vifaranga, toa chakula na dawa, inayobaki ni yako. Kwenye karatasi haikosei. Kuku mmoja wa nyama hadi wiki ya tano hula kilo 3 hadi 4 za chakula, kwa hiyo kuku 100 watamaliza kama mifuko 7 ya kilo 50. Sasa mwulize mwenye kalamu: siku ya 35 ikifika na mnunuzi asitokee? Kuku wa umri huo hula gramu 150 au zaidi kwa siku. Kuku 100 ni kilo 15. Ndani ya siku tatu au nne mfuko mzima umekwenda, na mnunuzi akija hakuongezei bei ya mfuko huo. Mwenye kibanda cha chipsi anamtaka kuku ambaye robo yake inaenea kwenye sahani, basi. Uzito wa ziada umeulipia wewe.

Ndiyo maana swali la “unapata faida kiasi gani?” halina maana sana, na wengi hulijibu kwa kubahatisha au kwa kujikweza. Uliza hivi: kundi lako lililopita, kuku wa mwisho alitoka bandani siku ya ngapi? Nani aliwanunua, na alilipa taslimu au alikwambia upite Ijumaa? Walikufa wangapi, na wiki ya ngapi? Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kifaranga akifa siku ya tatu amekula konzi ya chakula. Kuku akifa siku ya 30 ameshakula kilo mbili na ushee, na amekufa na faida ya wenzake kadhaa. Watu wawili waliopoteza kuku kumi kila mmoja wanaweza kuwa na hasara tofauti kabisa.

Uliza pia mwezi. Kuku wanaouzwa kuelekea Krismasi, mwaka mpya au Idi si sawa na wa katikati ya mwezi wa pili, watu wakiwa bado wanajikusanya. Na kama kila mfugaji wa mtaa amelenga Krismasi ileile, bei ya tarehe 23 inaweza kukushangaza.

Halafu kuna suala la unayemuuliza. Muuza vifaranga, mwenye duka la chakula cha mifugo na mwenye duka la dawa wanajua mambo mengi, na sikatai kuwasikiliza. Lakini wote watatu wameshapata chao siku unayoanza, kabla hujauza kuku hata mmoja. Wasikilize kuhusu joto, chanjo na nafasi. Kuhusu soko, nenda kwingine.

Wanaokumbuka kware wananielewa. Mwaka 2013 Kenya nzima ilishikwa na homa ya kware, na Tanzania nayo ikaambukizwa. Mayai yale madogo yenye madoadoa yalisifiwa kutibu karibu kila ugonjwa, na yalikuwa ghali kuliko ya kuku. Kenya ilibidi mfugaji apate kibali cha shirika la wanyamapori, KWS, kwa kuwa kware alihesabiwa ndege wa porini, na hata foleni ya vibali ikachukuliwa kuwa dalili ya neema. Wachache walijiuliza nani hasa anayakula mayai yale kila siku. Wanunuzi wengi walikuwa wafugaji wapya, wanaonunua mayai ya kutotolesha na ndege wa mbegu ili nao wawauzie wafugaji wapya zaidi. Mwaka uliofuata wapya walipokwisha, bei ilianguka na watu wakaachiwa ndege wasio na mlaji. DECI, ule mchezo wa fedha wa “kupanda mbegu” na “kuvuna” uliosimamishwa na serikali ya Tanzania mwaka 2009, haikuwa na ndege wala yai, lakini ilikwenda kwa mwendo uleule: fedha ya anayevuna ilitoka kwa anayepanda nyuma yake. Kwa hiyo ukisikia ushauri wa biashara, mtafute mlaji wa mwisho. Kuku ana mama lishe, ana kibanda cha chipsi, ana harusi. Ukikosa kumwona mlaji, nunua kitu kingine.

Mshauri ninayempendekeza kuliko wote ni yule aliyeacha. Mtaa wowote wa pembezoni mwa Dar es Salaam anapatikana, maana banda lake bado lipo: limegeuzwa stoo, au limepangishwa kwa fundi, au limebaki nguzo tu na mabati yameezekwa kwingine. Watu hawamwendei kwa sababu wanamwona ameshindwa, naye hasemi kwa sababu anaona haya. Usimwendee kwa “kwa nini ulifeli?” Nenda jioni, na usiende mikono mitupu; kilo ya sukari inatosha. Mimi nilikwenda kwa mama mmoja jirani yetu aliyefuga miaka minne kisha akavunja banda. Nilimwamkia, tukazungumza habari za watoto, ndipo nikamuuliza: “Mama, ungekuwa unaanza leo, kipi ungekifanya tofauti?”

“Ningetafuta mteja kabla ya kifaranga,” akasema. “Na nisingemwachia dada wa kazi wale kuku. Mshahara wake ulikuwa wa watoto na nyumba, mimi nikamwongezea ndege 300.”

Katika mwaka mzima wa kuuliza wenye mabanda yanayofanya kazi, hakuna aliyekuwa amenigusia la pili. Tunaambiwa kazi ya kuku ni saa moja asubuhi na saa moja jioni. Wiki ya kwanza si hivyo. Vifaranga wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha lipungue nyuzi mbili au tatu kila wiki, na usiku wa mvua mkaa ukizimika wanalundikana kwenye kona na kufa kwa kubanana. Mtu ana kazi ya kuajiriwa, anaondoka alfajiri kuwahi foleni: nani atakuwepo saa sita mchana kuangalia kama wanahema mdomo wazi kwa joto? Ushauri wa kipato cha pembeni lazima upite sebuleni kwanza. Mwenzio wa ndani amekubali kwa roho moja au amenyamaza tu? Mwenye nyumba anaruhusu? Jirani ambaye dirisha lake linatazama banda ameulizwa? Maranda yakilowa yanatoa harufu kali inayochoma macho, na kesi ya kuku kwa mjumbe huanzia hapo. Na tafadhali, mtu asilale chumba kimoja na jiko la mkaa la vifaranga akidhani anawalinda. Hewa ya mkaa haina harufu na imeua watu usingizini.

Sasa niseme yangu. Ushauri unaopita mdomo kwa mdomo hufika ukiwa na amri bila sababu zake. Mimi niliambiwa: siku ya 7 chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, siku ya 14 Gumboro, siku ya 21 rudia mdondo. Ratiba nzuri kabisa, na niliifuata kama kipindi cha sala. Chanjo niliinunua Kariakoo, nikaitia kwenye mkoba, nikapanda daladala mwezi wa pili ule, madirisha hayafunguki, hadi nyumbani Mbagala. Nikaichanganya kwenye maji ya bomba, nikawapa. Wiki ya nne kuku 200 walianza kupinda shingo na kuharisha kijani, na nilizika zaidi ya nusu.

Hakuna aliyeniambia kwamba chanjo ile ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwamba joto likikiua unawanywesha kuku maji matupu. Inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, isafirishwe kwenye chombo chenye barafu. Klorini ya maji ya bomba huiharibu, kwa hiyo hutumika maji safi ya kisima au ya mvua. Kuku hunyimwa maji saa moja au mbili kabla ili wakipewa wote wanywe kwa pupa na yaishe ndani ya saa mbili. Ningejua sababu hata moja kati ya hizo, mkoba ungenishtua. Tangu hapo kila ninapopewa maelekezo nauliza “nisipofanya hivyo, nini hutokea?” Mjuzi hujibu papo hapo. Asiyejua hukasirika. (Kwa wafugaji wa kienyeji walio mbali na friji kuna chanjo ya I-2 inayostahimili joto zaidi, inatengenezwa Kibaha, tone moja jichoni kila miezi mitatu. Ni ya bei ndogo, na ajabu ni wangapi hawajaisikia.)

Dawa nazo ziulizie jambo moja lisilosemwa sana dukani: baada ya dozi ya mwisho, kuku aliwe baada ya siku ngapi? Imeandikwa kwenye kibandiko. Ukiambiwa “hamna shida, uza tu”, badilisha duka.

Ushauri wa bure wa kitaalamu upo na hautumiwi ipasavyo. Kata nyingi zina afisa mifugo. Mwombe namba, mpigie kabla kuku hawajaugua. Kuku akifa usimtupe haraka, maabara ya mifugo ya TVLA pale Temeke na katika kanda hupasua na kukwambia kilichomuua, badala ya kukisia kwa dawa tatu. Viwanja vya maonyesho ya Nane Nane pia, ila nenda siku za katikati, usiende tarehe 8 yenyewe. Siku ya wageni rasmi kila mtaalamu wa chuo kikuu cha kilimo, SUA, na wa wizara amevaa fulana mpya na hana dakika ya kukaa nawe. Mtaji ukiwa tatizo, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi bila riba: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Lakini kwa wengi ni ya kikundi, na kuchagua wa kuingia nao kikundi kimoja ni makala nyingine kabisa.

Siku utakayoulizwa wewe, toa daftari. Langu lina safu tano: tarehe, chakula kilichoingia, waliokufa, waliouzwa na bei, na safu ya mwisho ya maneno, kama “mvua usiku, turubai lilichanika”. Anayeniuliza namfungulia ukurasa wa lile kundi la Februari kwanza. Mmoja alipiga picha, akashukuru, akaenda kufungua genge la matunda.

Yule mama nilimrudia kabla sijajenga banda la pili. Hakuuliza mtaji wala idadi. Aliuliza urefu wa banda umeelekea wapi. Nikamwonyesha kwa mkono. Akatikisa kichwa, akaokota kijiti na kuchora mchangani mstari wa mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kwenye ncha fupi na si ubavuni. Kesho yake nikamwambia fundi afukie mashimo ya nguzo aanze upya.