SOMO LA TANO: CHUPA ISIYO NA LEBO
Mazungumzo ya uani kuhusu bustani, pembejeo na haki za mlaji

Mwenye bustani ya uani ni mkulima asubuhi na mlaji jioni. Asubuhi hununua mbegu, mbolea na dawa ya wadudu. Jioni huchuma mboga zilizokuzwa kwa vitu hivyo, akazipika na kuwalisha watu wake. Kwa hiyo kosa linalofanyika dukani haliishii dukani. Hufika bustanini, likapita jikoni, na mwisho huketi mezani pamoja na watoto.

Somo hili linamlenga mtu huyo. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:

(a) kutambua kiuatilifu kinachouzwa kihalali na kile kisichofaa kununuliwa;
(b) kuhesabu siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna;
(c) kupima mbegu na mbolea kabla fedha yake haijapotea;
(d) kujua pa kupeleka malalamiko.

Mazungumzo

Mazungumzo haya ni ya kutunga, ila mambo yaliyomo hutokea kila siku. Ni Jumamosi alasiri mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Majirani watatu wameketi uani kwa Bibi, kivulini, baada ya kazi za bustani. Mwalimu ni mstaafu; Kijana ni dereva wa bodaboda aliyeanza bustani mwaka huu.

KIJANA: Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Mwalimu.

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ukae. Naona leo umekuja na mzigo.

KIJANA: Ni mchicha, Bibi. Mavuno ya kwanza. Nimesema fungu la mwanzo lije kwako, maana mbegu ulinipa wewe.

BIBI: Ahsante sana, Mungu akuzidishie. Mchicha umenawiri huu! Majani hayana hata tundu moja. Wangu viwavi wameufanya chekecheke.

MWALIMU: Na mimi nimeshinda asubuhi nzima nikipogoa michongoma na kung'oa ndago. Ndago hazina adabu: ukizikata juu, chini zinacheka. Hebu tuambie, Kijana, viwavi wewe umewafanyaje?

KIJANA: Nilipata dawa sokoni, Mwalimu. Nilipulizia juzi jioni. Jana asubuhi nikawakuta wote chini.

BIBI: Juzi? Yaani Alhamisi?

KIJANA: Ndiyo, Bibi.

BIBI: Na lebo ilisema usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma?

KIJANA: Haina lebo. Muuzaji alinipimia kutoka kwenye galoni, akanitilia katika chupa ya maji. Alisema kifuniko kimoja kwa ndoo moja.

MWALIMU: Na hiyo chupa iko wapi sasa?

KIJANA: Iko jikoni, kwenye rafu. Niliiweka juu, karibu na mafuta ya kula.

(Bibi anaweka fungu la mchicha chini. Kwa muda hakuna anayesema neno.)

BIBI: Mjukuu wangu, zawadi yako nimeipokea kwa mikono miwili, na moyo wako nimeuona. Lakini mboga hizi hazitapikwa kwangu, wala zisipikwe kwako. Sikwambii hivi kwa kukudharau.

KIJANA: Nilidhani nikiziosha vizuri zitafaa.

MWALIMU: Kuosha huondoa kilicho juu ya jani. Zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea wenyewe. Hizo maji hayazifikii. Na hii yako hatujui ni ipi. Hapo ndipo shida ilipo: si kwamba tunajua ni mbaya, bali hatuna namna ya kujua kama ni salama.

BIBI: Mwanao ana miaka mingapi?

KIJANA: Mitatu. Jana tu alikuwa akiinyooshea mkono ile chupa, akisema anataka juisi.

MWALIMU: Basi inuka, twende kwako sasa hivi. Habari ya mchicha tutaimaliza baadaye.

Ufafanuzi

*1. Kosa lilianzia wapi?*

Kijana hakuwa mzembe wala hakuwa na nia mbaya. Alitaka dawa kidogo kwa matuta machache, na chupa nzima ya dukani ilimwonekea ghali. Muuzaji alilitambua hitaji hilo, akamuuzia kimiminika bila jina, bila kipimo cha kuaminika na bila maelezo. Kile alichookoa Kijana kwa bei, alikilipa kwa kukosa taarifa nne ambazo hazipatikani popote isipokuwa kwenye lebo: kiini cha sumu kilichomo, mazao na wadudu waliokusudiwa, kiasi cha kuchanganya, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Nchini Tanzania, viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kiuatilifu kinachostahili kununuliwa ni kile kilichosajiliwa, kilicho ndani ya kifungashio chake cha asili kisichofunguliwa, chenye lebo inayosomeka na tarehe ya mwisho wa matumizi ambayo haijapita.

*2. Kuisoma lebo*

Tazama kwanza utepe wa rangi chini ya lebo. Rangi hizo hueleza ukali wa sumu kwa binadamu:

- nyekundu: sumu kali sana; haina nafasi katika bustani ya nyumbani;
- njano: sumu ya ukali wa kati;
- buluu: sumu yenye ukali mdogo;
- kijani: isiyotarajiwa kuleta madhara makubwa ikitumiwa kama ilivyoelekezwa.

Kijani haimaanishi kwamba dawa haidhuru. Maana yake ni kwamba madhara yake ni madogo kwa mtu anayefuata maelekezo.

Kisha tafuta siku za kusubiri. Ikiwa lebo imesema siku 7 nawe umepulizia tarehe 3, usivune kabla ya tarehe 10. Andika tarehe ya kupulizia kwenye kibao, ukichomeke kwenye tuta, ili hata asiyekuwapo siku hiyo ajue. Mboga za majani kama mchicha na sukuma wiki huchumwa mara kwa mara. Kwa hiyo dawa yenye muda mrefu wa kusubiri haifai kwazo, hata kama inaua wadudu vizuri.

*3. Ikiwa chupa isiyo na lebo tayari imo nyumbani*

Iondoe jikoni mara moja. Ifunge vizuri, uiandike SUMU kwa maandishi makubwa, uiweke mahali panapofungwa kwa kufuli, mbali na chakula, watoto na mifugo. Usiimwage mtaroni, chooni wala mtoni. Muulize afisa ugani wa kata yako namna ya kuisalimisha. Mboga zilizopuliziwa dawa isiyojulikana zing'olewe na kufukiwa mbali na kisima. Wasipewe kuku, mbuzi wala sungura.

Mtu akimeza au akimwagikiwa, mvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni. Dawa ikiingia machoni, yasafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Usimlazimishe kutapika, isipokuwa lebo au mhudumu wa afya ameelekeza hivyo. Mpeleke hospitali bila kuchelewa, nawe uichukue chupa pamoja na lebo yake. Daktari huchagua tiba kwa kujua sumu iliyomezwa. Chupa ya maji isiyo na jina humwacha akibahatisha.

*4. Njia ya kugawana gharama*

Majirani watatu wanaweza kununua kwa pamoja kifungashio kimoja kilichosajiliwa. Hata hivyo, wasigawane kimiminika katika chupa za soda au maji. Dawa ibaki ndani ya chupa yake, kwa mtu mmoja mwenye kufuli, na siku ya kupulizia ichanganywe kiasi cha siku hiyo tu. Anayepulizia avae glavu za mpira, viatu vilivyofunika, barakoa na nguo ya mikono mirefu. Asipulizie wakati wa upepo wala saa ambazo nyuki wamo kwenye maua. Chupa ikiisha isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya bomba la kupulizia, kisha chupa itobolewe ili isitumiwe tena.

Na kabla ya dawa yoyote, jaribu mikono. Kwa matuta matatu ya uani, viwavi wanaweza kuokotwa asubuhi na mapema. Zamisha mazao kwa zamu, ng'oa masalia ya mazao yaliyokwisha, na umwagilie shinani badala ya kulowesha majani. Mdudu kama kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014 na kuwasumbua sana wakulima wa nyanya, hupungua pale majani na matunda yaliyoshambuliwa yanapoondolewa mapema na kufukiwa.

*5. Mbegu*

Bibi alimpa Kijana mbegu za mchicha alizozihifadhi mwenyewe, na zikaota vizuri. Hilo halina tatizo kwa aina za kawaida. Mbegu chotara, zinazoandikwa F1 kwenye pakiti, ni habari nyingine: ukipanda mbegu za tunda lake, mimea itakayoota haitafanana na mama yake. Anayekuuzia mbegu chotara "zilizokaushwa nyumbani" anakuuzia jina tu.

Mbegu za dukani huthibitishwa na Taasisi ya Uthibitisho wa Mbegu Tanzania (TOSCI), yenye makao makuu Morogoro, chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya uthibitisho na tarehe. Kabla ya kupanda zote, hesabu mbegu 20, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, uziweke mahali penye joto la kawaida hadi zichipue. Zikichipua 17, uotaji ni asilimia 85. Zikichipua 9, ni asilimia 45 tu: rudi dukani na pakiti yako pamoja na risiti kabla msimu haujapita.

*6. Mbolea*

Mbolea husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Namba zilizo kwenye mfuko hueleza kilichomo. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Maana yake, mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mbolea ikipimwa kwa kopo kutoka mfuko uliofunguliwa, mnunuzi hana namba wala uzito.

Tuseme mfuko wa kilo 50 unauzwa shilingi 75,000: kilo moja ni shilingi 1,500. Kopo la "kilo moja" linauzwa shilingi 2,000, lakini likiwekwa kwenye mizani lina gramu 800. Kilo yako halisi imekugharimu shilingi 2,500. Kifungashio kidogo kilichofungwa kiwandani, au mfuko mmoja uliogawanywa na majirani kwa mizani, humwokoa mnunuzi na hasara hiyo. Ukipunjwa uzito, wahusika ni Wakala wa Vipimo.

*7. Pa kulalamikia*

Dai risiti kila ununuapo, hata kwa pakiti moja. Bidhaa ikiwa na kasoro, rudi kwanza kwa muuzaji, ukiwa na risiti na kifungashio. Asipokusikiliza, mwone afisa kilimo wa halmashauri yako, au peleka taarifa kwa taasisi husika: TPHPA kwa viuatilifu, TOSCI kwa mbegu, TFRA kwa mbolea. Bidhaa bandia na udanganyifu wa kibiashara hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Eleza tarehe, mahali, bei na jina lililo kwenye bidhaa, na uhifadhi mabaki. Usione haya kusema kwamba ulinunua sokoni bila lebo. Taarifa yako huenda ikamwokoa mnunuzi anayefuata.

Mwisho wa mazungumzo

Wiki tano baadaye, majirani wale wale wameketi pale pale.

KIJANA: Bibi, nimekuletea tena mchicha. Huu una matundu matundu.

BIBI: Matundu ya nini?

KIJANA: Ya viwavi. Nimewaokota kila asubuhi kabla ya kutoka na pikipiki, lakini wachache walinishinda.

MWALIMU: Kiwavi ametangulia kuonja, naye hakufa. Huo ndio ushahidi tunaoutaka.

BIBI: Leta kisu, mjukuu wangu. Leo mtakula hapa.

Jipime

1. Umepulizia nyanya tarehe 12; lebo inasema siku 3. Siku ya kwanza ya kuvuna ni ipi?
2. Kwa nini utepe wa kijani si ruhusa ya kuacha glavu?
3. Mbegu 20 zimefanyiwa jaribio, zimechipua 16. Uotaji ni asilimia ngapi?
4. Jirani amekuomba umgawie dawa katika chupa ya juisi. Utamjibuje?

*Majibu:* (1) Tarehe 15. (2) Rangi hiyo huonyesha usalama kwa anayefuata maelekezo tu. (3) Asilimia 80. (4) Mkatalie chupa. Mwalike mchanganye pamoja siku ya kupulizia, dawa ikibaki ndani ya kifungashio chake.