Likizo ya Desemba bila midoli mipya

Swali: Shule zimefungwa, joto la kaskazi hapa Dar es Salaam halisemeki, na wanangu wa miaka mitatu na minne wanashinda kwenye katuni. Krismasi hii niwanunulie vichezeo gani?

Jibu: Usinunue kwanza, punguza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwatazama watoto 36 wa miezi 18 hadi 30 wakicheza, mara na vichezeo 4, mara na 16. Penye vinne walidumu na kimoja muda mrefu zaidi na kukitumia kwa namna nyingi zaidi. Wako wamewazidi umri, lakini sababu inaeleweka: macho yasipovutwa huku na huku, akili hupata nafasi ya kubuni. Kifuu cha nazi leo ni sufuria ya kujipikilisha, kesho kofia ya askari. Gari la betri hubaki gari. Utasema watachafua nyumba. Watachafua, ndiyo, kwa hiyo watandikie mkeka kivulini asubuhi, jua halijapamba moto. Na katuni? Kwa umri wao Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi saa 1 kwa siku. Ukizima watanuna, waache wanune kidogo, maana mara nyingi mchezo mpya huanzia hapo.